Tochi ya Swichi Moja

Kila siku akirudi shule, kabla hata ya kuvua viatu, Betri alipita kwanza barazani kwa baba yake kuuliza kama kuna mtu ameleta tochi mbovu. Baba alikuwa fundi viatu, na tochi hazikumhusu hata kidogo. Lakini watu wa mtaa ule walishazoea. Mtu akileta kiatu kilichoachama mdomo, analeta na tochi iliyozimika: kiatu kwa baba, tochi kwa binti. Ndiyo maana binti mwenyewe, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, akapachikwa jina la Betri. Jina lake la shule lilibaki hukohuko shuleni, mwalimu alipoita mahudhurio.

"Leo kuna moja," baba alisema bila kuinua macho, misumari midogo ikiwa imebanwa katikati ya midomo. "Ya yule muuza mkaa. Anasema imekufa."

"Tochi haifi, baba. Inaugua tu."

"Haya, daktari. Kale kwanza."

Betri alikaa juu ya kigoda, akaifungua tochi, akakwangua kutu kwa kipande cha msasa, akavuta kidogo ile springi ya nyuma iliyolegea, akarudisha betri. Mwanga ukatoka. Alifurahi vilevile alivyofurahi mara ya kwanza. Tochi alizipenda kuliko pipi. Alijua ipi inamulika mbali, ipi inakula betri haraka, ipi kioo chake ni kioo na ipi ni plastiki inayojifanya kioo. Ukimpa nafasi angekueleza mpaka usinzie umesimama.

Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili. Kimoja alilala baba, pamoja na ngozi zake na harufu ya gundi. Kingine walilala Betri na shangazi yake, dada mkubwa wa baba. Shangazi alikuja mwaka ule mama yake Betri alipofariki. Alishuka na sanduku la bati, akasema atakaa mpaka mambo yatulie. Mambo hayakutulia upesi, naye akakaa. Ila mpaka leo nguo zake hakuzitoa sandukuni kuzitundika ukutani. Kila asubuhi alifungua, akatoa gauni, akafunga, kama mtu anayesubiri kuitwa safari.

Shangazi alifua shuka hospitalini. Kazi hiyo huanza mapema, kwa sababu wagonjwa hubadilishiwa shuka kabla madaktari hawajapita. Kwa hiyo aliondoka nyumbani kabla ya mapambazuko, giza likiwa bado zito. Alipita uchochoroni, akashuka ngazi za mawe, akavuka mfereji juu ya zege lililovunjika upande mmoja, ndipo akatokea barabara kubwa.

Taa ya mtaa ilikuwepo, tena kubwa. Wakubwa wa serikali ya mtaa waliifunga mbele ya ofisi yao, mahali ambapo palikuwa tayari na taa. Siku ya kuiwasha walikuja wamevaa suti, wakakata utepe, wakapigiwa makofi, wakanywa soda, wakaondoka. Uchochoroni, ambako watu wanavunjika miguu, hawakufika. Viatu vyao vingechafuka.

Basi asubuhi moja ya mvua, shangazi aliteleza juu ya zege lile akatumbukia mferejini mzimamzima. Alirudi nyumbani akichechemea, sare imejaa tope, kifundo cha mguu kimevimba kama andazi la kukaanga.

Baba alipomwona, alitupa nyundo chini.

"Dada, hii kazi iache! Mara ngapi nimesema? Watu wanalala usingizi, wewe unatafuta njia gizani kama panya. Siku moja tutakuokota umevunjika shingo."

"Nikiiacha nifanye nini?"

"Ukae. Nyumba ni yako."

"Nikae?" Shangazi alicheka kidogo, lakini si kwa furaha. "Mdogo wangu, mimi sijui kukaa. Nikikaa bure nitakuwa kama kiti kilichovunjika mguu, mnakizunguka tu mkipita. Kama kazi imenishinda, nitafunga sanduku langu nirudi kwetu."

Betri alikuwa nyuma ya mlango, ameshika beseni la maji ya moto ya kumkanda. Maneno yale yalimwingia mpaka mifupani. Sanduku lenyewe lilikuwa limeshapangwa siku zote. Kulifunga kungechukua muda gani?

Usiku ule aliamua. Shangazi anaanguka kwa sababu haoni. Na mtu asiyeona gizani anahitaji nini? Betri alikaribia kucheka peke yake. Katika mtaa mzima, nani anajua tochi kumshinda yeye?

Mguu wa shangazi ulipokuwa unapona, Betri alitoa kopo lake la akiba, vijisenti vyote alivyopewa kwa kutengeneza tochi za watu, akaenda duka la vifaa vya umeme. Alifuatana na rafiki yake wa darasani aliyeitwa Kasuku, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

"Unatafutia nani?" aliuliza mwenye duka, mtu mnene aliyekaa kwenye kiti kidogo kuliko yeye.

"Shangazi yangu. Lakini nataka yenye nguvu."

"Shangazi mtu mzima? Basi chukua hii." Alimsogezea kitochi cha plastiki cha buluu, chepesi, chenye swichi moja ubavuni.

Betri alikitazama kama mtu aliyepewa kiatu cha mtoto mchanga. "Hiki? Hiki ni cha kutafutia sindano chini ya kitanda! Nipe ile."

Aliyoionyesha ilikuwa ndani ya boksi jeusi. Juu ya boksi palichorwa mwanamume mwenye kofia ya chuma akining'inia mlimani kwa kamba. Tochi yenyewe ilikuwa ya chuma, nzito, yenye kioo halisi na kitufe nyuma. Ilimulika mbali mpaka ukuta wa msikiti wa mwisho wa barabara, Kasuku akapiga kelele, "Mama wee! Hii inaweza kuamsha jogoo!"

"Hiyo ni bei, binti," mwenye duka alisema. "Halafu ina mambo mengi."

"Mambo ndiyo ninayotaka."

Kopo likabaki tupu.

Jioni ile shangazi alifungua boksi polepole. Kwanza alimtazama yule mwanamume wa mlimani. "Na huyu naye anafua shuka wapi?" Kisha akamkumbatia Betri kwa nguvu mpaka pumzi ikambana. "Mwanangu. Umeninunulia mimi?"

"Wewe, shangazi. Sasa sikiliza, ni rahisi tu. Bonyeza mara moja, mwanga mkali. Bonyeza tena, wa kati. Tena, mdogo. Tena, unamweta. Tena, unaita msaada. Ukitaka kuzima, bonyeza ushikilie. Kuchaji, unafungua hapa, unachomeka waya."

Shangazi alikuwa akiitikia kwa kichwa, vilevile alivyomwitikia daktari anapoeleza dawa kwa haraka. "Nimeelewa," alisema.

Hakuelewa hata kidogo.

Asubuhi ya kwanza ya kurudi kazini, mtaa uliamshwa na filimbi. Mlinzi wa mtaa, mzee mmoja ambaye watu walimwita Mzee Filimbi kwa sababu alilala nayo shingoni, alikuwa akiipuliza kwa nguvu zake zote. Milango ikafunguka. Watu wakatoka na fimbo, mmoja na sufuria, muuza mkaa na sepetu. Betri na baba walitoka mbio. Katikati ya uchochoro alisimama shangazi, kapu mkono mmoja, tochi mkono mwingine, nayo ikimweta pa! pa! pa! kama gari la zimamoto.

"Wako wapi?" Mzee Filimbi alihema.

"Nani?"

"Wezi! Umeita msaada!"

"Mimi nimeita taa," shangazi alisema. "Hiki kitu ndicho kimeita watu." Akabonyeza tena, ikazidi. Akabonyeza tena, ikammulika muuza mkaa machoni, naye akaangusha sepetu.

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Shangazi naye alicheka, lakini siku ile alichelewa kazini, na msimamizi wa chumba cha kufulia akamwambia mbele ya wenzake kwamba wanaotaka kazi ile wamejaa getini.

Nyumbani hakusema lolote kuhusu hilo. Betri alipomuuliza siku zilizofuata, "Shangazi, tochi inafanya kazi?" alijibu, "Inawaka kama jua." Betri akatembea na jibu lile kama medali.

Halafu jioni moja baba akaishiwa uzi mweusi. "Chukua kwa shangazi yako, uko kwenye sanduku, amesema." Shangazi alikuwa bado hajarudi. Betri akafunua sanduku la bati, akainua gauni la juu, na chini yake akaliona boksi jeusi. Yule mwanamume alikuwa bado ananing'inia mlimani. Ndani, tochi ilikuwa imevingirishwa kitambaa safi. Alibonyeza. Haikuwaka. Haikuwa imechajiwa tangu siku ya filimbi.

Betri alikaa sakafuni. Kwanza alikasirika. Kopo lake lote! Kisha wazo jingine likamjia, na hilo likauma zaidi. Kama tochi iko hapa, shangazi anavukaje pale mferejini?

Alirudisha tochi mahali pake, akampelekea baba uzi.

Asubuhi yake aliposikia komeo la mlango likivutwa, Betri aliamka akamfuata kwa nyuma, miguu mitupu. Macho yalipozoea giza akamwona. Mkono wa kulia wa shangazi ulibeba kapu lenye sare iliyopigwa pasi na chakula cha mchana. Mkono wa kushoto ulipapasa ukuta. Kwenye ngazi za mawe uliushika ukuta kwa kucha. Alipofika mferejini alisimama, akanyoosha mguu mmoja, akaligusa zege kwa ncha ya kidole, akahama kidogo, akagusa tena, kama mtu anayepima maji ya kuoga. Kisha mguu ukateleza.

"Shangazi!"

Betri aliruka akamdaka kiunoni. Kapu likayumba, lakini halikuanguka. Wote wawili wakasimama wakihema.

"Wewe! Umeniua kwa hofu kuliko mfereji wenyewe," shangazi alisema. "Unafanya nini huku?"

"Tochi iko sandukuni. Umeniambia inawaka kama jua."

Shangazi aligeuza uso upande wa barabara. Huko mbali, mbele ya ofisi ya wakubwa, ile taa yao kubwa ilikuwa inawamulikia wadudu.

"Nimekudanganya," alisema mwishowe. "Ulitoa kopo lako lote. Ningekutazamaje usoni nikuambie siiwezi? Lakini siiwezi, mwanangu. Nzito. Na mkono wa kuishikia niutoe wapi? Huu una kapu, huu una ukuta. Halafu vidole vyangu hivi..." Alimpa Betri mkono wake. Ulikuwa mkavu, mgumu, vidole vimevimba kwenye viungo kwa sabuni na maji ya moto ya miaka. "Kakitufe kenyewe nakabonyeza mara moja, kanahesabu tatu."

"Inamulika mbali sana, lakini."

"Kwani mimi naenda kuangalia mbali? Nataka kuona pale ninapoweka mguu. Huko mbali nitafika tu."

Betri alilishika kapu, akamsindikiza mpaka barabara kubwa. Njia nzima hakusifu tochi yoyote. Aliuliza. Mwanga mkali unakuumiza macho? Unapenda swichi ya kusukuma au ya kubonyeza? Ungependa iwe wapi kama si mkononi? Shangazi alijibu, na Betri akashangaa jinsi majibu yalivyokuwa mepesi. Yalikuwepo siku zote. Hakuna aliyekuwa ameyaomba.

Baada ya shule alirudi dukani na boksi chini ya kwapa. Kasuku alifuata, bila kualikwa.

"Aa, aa," mwenye duka alisema alipoliona boksi. "Kitu kikitoka hapa kimeshaolewa. Hakirudi kwao."

"Sitaki unirudishie pesa, mjomba. Nataka kubadilisha. Tazama, hakuna mkwaruzo hata mmoja."

Mwenye duka aliigeuza tochi, akakitazama kioo chake, akapumua. "Nilikuambia ina mambo mengi."

"Uliniambia. Sikusikia."

Jibu hilo lilimlainisha. Alitoa sanduku zima la tochi akaliweka mezani. "Chagua."

Safari hii Betri hakumulika ukutani. Alitoa mfukoni vitambaa viwili, akavifunga vidole vyake mpaka vikawa vinene na vizito, akafumba macho, akaanza kuzijaribu kwa mkono mmoja.

"Umeungua?" Kasuku aliuliza.

"Mimi ni shangazi."

"Basi shikamoo, shangazi."

"Marahaba, funga mdomo."

Nyingi zilimshinda. Moja ilikuwa na kitufe kidogo kama punje ya mchele. Nyingine ilitaka kuzungushwa kichwa kwa mikono miwili. Nyingine ilikuwa nzuri sana, moyo ukamruka, lakini betri zake zilikuwa za aina ambayo hata mwenye duka alizileta mara chache. Mwisho alishika kitu chepesi, akasukuma swichi juu, ikawaka. Akasukuma chini, ikazima. Basi, hakuna jingine. Mwanga wake ulitandaa mpana na laini kwenye sakafu, karibu. Ilitumia betri zilezile za redio ya baba, zinazouzwa kila kibanda. Na mkiani ilikuwa na tundu la kupitishia kamba.

Alifumbua macho. Kilikuwa kile kitochi cha buluu cha kutafutia sindano chini ya kitanda.

Mwenye duka alicheka kimoyomoyo mpaka tumbo likamtikisika. Kwa kuwa kilikuwa rahisi zaidi kuliko ile ya boksi jeusi, alimwongezea betri za akiba za kutosha miezi, na pesa iliyobaki akairudisha kwa hiari yake, ikaingia kwenye kopo.

Kazi ya mwisho ilikuwa ya baba. Walipitisha kamba kwenye tundu, wakaitundika tochi shingoni mwa Betri, nayo ikamulika magoti vizuri, lakini ikabembea huku na huko kila alipotembea. Baba akakuna kichwa. Akakata kipande cha ngozi laini kilichobaki kwenye kiatu cha mtu, akashona kimfuko chenye ukanda wa kupita shingoni na mwingine wa kufunga kiunoni. Tochi ikakaa ndani yake imetulia, mdomo ukitazama chini mbele, pale mguu unapokwenda kutua.

"Sukuma swichi, dada," baba alisema.

Shangazi akasukuma kwa kidole gumba. Ikawaka. Akasukuma chini. Ikazima. Akawasha tena, akazima tena, akawasha. Alikuwa anacheka kama msichana.

"Na mikono yangu yote miwili ninayo!" alisema.

Asubuhi iliyofuata Betri na baba walisimama mlangoni. Waliona duara la mwanga likishuka uchochoroni, likafika kwenye ngazi, likateremka moja baada ya nyingine. Kwenye mfereji lilisimama. Betri aliushika mkono wa baba. Duara likatambaa juu ya zege, likaikwepa sehemu iliyovunjika, likavuka, likaendelea zake mpaka barabarani.

Kutoka gizani Mzee Filimbi alisema, "Leo hakuna vita?"

"Hakuna, mzee," baba alijibu. "Kalale."

Walirudi barazani. Baba akawasha jiko la chai, akakaa kwenye kigoda chake.

"Unajua ulifanana na nani na lile boksi lako jeusi?" aliuliza.

"Nani?"

"Wale wa ofisini."

Betri alikunja uso. Katika nyumba ile hakukuwa na tusi kubwa kuliko hilo. "Baba! Mimi nilimnunulia kwa upendo!"

"Najua. Ndiyo maana wewe umerudi dukani, na wao hawajarudi mpaka leo. Lakini sikiliza. Wao walileta taa kubwa, wakaifunga mahali panapowapendeza wao. Wewe ukaleta tochi kubwa inayokupendeza wewe. Hakuna aliyeuliza, 'Huyu mtu anapita wapi? Anashika nini mkononi?' Ukitaka kumpa mtu kitu, mtazame yeye kwanza, halafu ndipo utazame dukani. Kama hujui, muulize. Kuuliza hakuna bei." Akapuliza jiko, akaongeza, "Na shangazi yako naye nimemwambia. Mtoto akikosea kwa upendo, mwambie ukweli kwa upendo. Angevunjika shingo kwa adabu zake."

Betri aliyaweka maneno yale moyoni.

Jioni shangazi alirudi mapema, bila tope hata kwenye soli. Aliingia chumbani, wakasikia sanduku la bati likifunguliwa, kisha kimya kirefu. Betri akasimama, akaenda mlangoni.

Ukutani, juu ya misumari ya viatu ya baba, magauni yote ya shangazi yalikuwa yametundikwa. Shangazi alilisukuma sanduku tupu kwa mguu mpaka upande wa kitanda cha Betri.

"Weka tochi zako mbovu humu," alisema. "Zimejaa kila mahali. Mtu akaaye hapa atapita wapi?"